Kujifunza mapishi Hoi An bila nyama wala samaki
Umeuliza kama mtu asiyekula nyama wala samaki anaweza kujifunza mapishi Hoi An, mji wa Vietnam. Inawezekana dada, tena vizuri sana. Ila kusema "sili nyama" tu hakutoshi, maana nước mắm, ule mchuzi wa samaki waliochachushwa, huingia karibu kila chungu Vietnam. Unapoweka nafasi ya darasa waambie "ăn chay", yaani kula bila nyama wala samaki, wakuandalie mchuzi wa soya na supu ya uyoga. Wabuddha wengi kule hula chay tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo, kwa hiyo neno hilo wanalielewa mara moja.

Mimi nilipenda mno kukunja gỏi cuốn, vile vifurushi visivyokaangwa vya chapati ya mchele. Ile chapati ya mchele, kavu na nyembamba kama karatasi, unaichovya majini na kuitoa ingali ngumu kidogo. Italainika yenyewe ukiwa unapanga tofu, tambi na mnanaa.