Ukiipa diski namba, iachie nafasi ya watoto wake

Draiva yangu ya kwanza ya diski kwenye Linux (programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na diski) ilifaulu majaribio yote niliyoipa. Diski mbili za kujaribia, jaribu0 na jaribu1, zilisoma na kuandika vizuri, nikalala nimeridhika. Kesho yake nikafungua fdisk, programu ya kugawa diski, nikaikata jaribu0 patisheni moja (sehemu ya diski inayojitegemea), nikabonyeza w kuhifadhi. Patisheni haikutokea. Kwenye dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa keneli (kiini cha Linux), kulikuwa na mstari huu:

sysfs: cannot create duplicate filename '/dev/block/240:1'

Nilihangaika nao mchana kutwa nikidhani nimeharibu jedwali la patisheni. Kumbe kosa lilikuwa kwenye hesabu ya darasa la pili.

Kila diski ina namba mbili. Namba kuu inaiambia keneli draiva ipi inahusika (240 hadi 254 zimetengwa kwa majaribio kama yangu), na namba ndogo inasema ni kifaa kipi ndani ya draiva hiyo. Mimi niliandika first_minor = i, yaani namba ndogo ya kwanza ya diski iwe sawa na nafasi yake, i, nikihesabu kuanzia 0. Diski ya kwanza ikapata 0, ya pili ikapata 1. Ila patisheni nazo zinakula kwenye namba ndogo hizohizo: diski nzima inachukua ya kwanza, patisheni ya 1 inachukua inayofuata. Kwa hiyo 240:1 (namba kuu 240, namba ndogo 1) tayari ilikuwa na mwenyewe, yaani jaribu1. Diski zikiwa tupu hazigombani, ndiyo maana majaribio yangu yalinidanganya.

Dawa yake ni kuzidisha: first_minor = i * 16, na minors = 16, yaani kila diski itengewe namba ndogo 16. Ndivyo zilivyopangwa diski za sd (sda, sdb na wenzake) tangu zamani. Chapa ls -l /dev/sda1 utaona 8, 1 mahali ambapo kwa faili la kawaida ungeona ukubwa. sdb inaanzia 16, hivyo sdb3 ni 19. Ukitaka kurudi kinyumenyume, gawanya kwa 16: jibu ni diski, baki ni patisheni.

Hiyo 16 si amri. Diski za zamani za IDE zilipewa 64 kila moja, na kadi za kumbukumbu za mmc kwa kawaida hupewa 8. Namba ndogo zilipokuwa 256 tu kwa kila namba kuu, ukarimu ulikuwa na gharama: kwa hatua ya 16, namba kuu moja inabeba diski 16, basi. Tangu Linux 2.6 namba ndogo ina biti 20, kwa hiyo usibane bila sababu.

Ila kama unaanza draiva mpya leo, ningekushauri usipange namba kabisa. Acha major (namba kuu), first_minor na minors zote zikiwa 0. Keneli yenyewe itakupa namba, ikitumia namba kuu 259, kama inavyofanya kwa diski za NVMe. Ukihitaji namba kuu yako, ita kazi ya keneli iitwayo register_blkdev ukiipa 0 ikutafutie iliyo wazi. Na kwenye fstab, faili la orodha ya diski za kupandishwa, andika UUID (kitambulisho cha kudumu cha patisheni), maana namba za namna hii, na hata majina kama sda, yanaweza kubadilika kompyuta ikiwashwa upya.

Siku hizi sijaribu draiva bila diski mbili, zote zikiwa zimekatwa patisheni. Kisha naendesha lsblk, amri inayoorodhesha diski, na kusoma safu ya MAJ:MIN (namba kuu:namba ndogo) mstari kwa mstari. Baada ya marekebisho, jaribu0p1 ilikaa 240:1 na jaribu1 ikahamia 240:16.