Kabla ya kuongeza pumba, angalia hori

Maziwa yakipungua, wafugaji wengi hukimbilia gunia la pumba. Mimi huanza na hori, chombo cha kulishia ng'ombe. Nikilikuta asubuhi limelambwa likang'aa, najua ng'ombe alilala njaa. Napenda kukuta mabaki kidogo, kama kilo 5 hadi 10 kwa kila kilo 100 nilizoweka. Hapo amekula akakinai. Mabaki hayo nayaondoa kabla ya kuweka majani mapya, kwani yaliyochacha huambukiza harufu mabichi yaliyo juu yake, na ng'ombe ana pua ya kuchagua kuliko wengi wetu.

Pumba zenyewe sizikatai, ila zikiingia nyingi kwa mkupuo, asidi hupanda katika tumbo la kwanza na vijidudu vinavyosaga nyuzi za majani hudhoofika. Majani yakichelewa kusagwa hubaki humo, na tumbo lililojaa halitaki kingine. Kwa hiyo natanguliza majani, pumba na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) vinafuata, na mlo mmoja hauvuki kilo 2 au 3. Anayestahili zaidi hugawiwa mara kadhaa kwa siku.

Umri wa majani ndio wenye uzito zaidi. Matete, yaani majani ya tembo, nayakata yakifika mita 1 hivi. Yakikomaa, shina linakuwa mti, na hakuna mashine itakayolirudishia ulaini. Nakatakata vipande vya sentimita 2 hadi 5 ili ng'ombe asichambue majani na kuacha mashina. Vifupi zaidi ya hapo sivitaki, maana hapati cha kucheua. Majani machanga ya masika nayo yana maji tele: kilo 100 zaweza kubeba chakula kikavu kilo 15 tu, basi nayaanika saa chache yanyauke. Nikiwa na mikunde naichanganya humo. Majani yasiyo na protini ya kutosha huliwa kidogo hata yakiwa mengi.

Maji yawepo usiku na mchana. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, na akikosa maji haachi kunywa tu, anaacha na kula. Siku za joto kali, sehemu kubwa ya majani nampa jioni, kukiwa kumepoa.

Ng'ombe wakilala wametulia, angalau nusu yao wanapaswa kuwa wanacheua. Wanaocheua wakiwa wachache, napunguza pumba siku hiyohiyo, na aliyezubaa nampima joto la mwili.