Unataka Kujifunza Mapitio ya Kimfumo? Anza na Protokali, Programu ya Takwimu Itasubiri

Mapitio yetu ya kimfumo, yaani kazi ya kukusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima kwa pamoja, yametoka kwenye jarida wiki iliyopita na toka hapo meseji haziishi. Moja ni ya mdogo wangu mmoja anayesoma famasia, ananiuliza, "Kaka nianzie wapi, maana programu ya takwimu tayari ninayo?" Nikaona nijibu hapa hapa, najua wengi wenu mnakitaka hicho hicho, jina lako likae juu ya kazi ambayo daktari ataifungua kabla hajaandika dawa.

Ila kwanza niseme hili maana bado linaniuma. Nilipoanza, mkubwa mmoja kwenye fani aliniambia mbele ya wenzangu kwamba huu sio utafiti, ni kuokota jasho la watu. Nilinyamaza. Leo namjibu kwa nembo ya Cochrane, shirika la kimataifa linaloandaa mapitio kama haya. Vile vimistari vya katikati sio mapambo, ni majaribio ya kuwapa steroidi akina mama wanaokaribia kujifungua kabla ya wakati. Jaribio la kwanza lilitoka 1972, mengine yakafuata, lakini mapitio ya kimfumo ya kuyaweka pamoja hayakutoka mpaka 1989, na miaka yote hiyo ushahidi kwamba dawa inapunguza vifo vya watoto umelala kwenye majarida na madaktari wengi hawaitumii. Kuna watoto wamekufa kwa sababu hakuna aliyeokota hilo jasho. Basi asikudharau mtu.

Sasa protokali, yaani mpango wa kazi unaouandika kabla hujaanza. Kaa uandike swali lako: wagonjwa gani, tiba gani, unailinganisha na nini, unapima matokeo gani, na tafiti za aina gani utazikubali. Isajili PROSPERO, sajili ya mtandaoni ya protokali za mapitio, kabla hujaanza kuchukua data kutoka kwenye tafiti, kwa sababu ukishaona matokeo moyo unaanza kutafuta sababu za kuitoa ile tafiti usiyoipenda na kuibakiza unayoipenda. Sisi tulikutana na jaribio moja kubwa, limeandikwa vizuri kabisa, ila wagonjwa wamefuatiliwa wiki 8 na protokali yetu inasema zisipungue 12. Mwenzangu alitamani tulibakize, mimi pia. Tukafungua protokali tukasoma, likatoka, mabishano yakaisha pale pale.

Kuchuja ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa kila tafiti, sitaelezea sana, ni watu wawili, kila mmoja kivyake, hakuna kuchunguliana, mkitofautiana aje wa tatu.

Kwenye kuchukua data kutoka kwenye tafiti ndio ukae macho jamani. Unafungua jedwali, wagonjwa 64, wastani, halafu alama ya ± na 1.5. Hiyo 1.5 ni standadi devieshoni (wagonjwa wanavyotofautiana wao kwa wao) au ni standadi era (wastani wenyewe unavyoweza kuyumba)? Kasome maelezo madogo chini ya jedwali. Ikiwa ni standadi era unaizidisha na kipeuo cha pili cha 64, yaani 8, unapata 12. Ukiingiza 1.5 kama ilivyo, tafiti hiyo inapata uzito mara 64 ya inaostahili na inawameza wenzake wote, na programu haitakwambia kitu, itakuchorea grafu safi tu. Ndio maana namwambia mdogo wangu hiyo programu aiache kwanza.

Halafu usitafute kwenye PubMed, ile hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, peke yake ukasema umemaliza. Nenda kwenye sajili za majaribio, ClinicalTrials.gov na ile ya WHO, uone yalioanzishwa yakaisha na hayakuchapishwa. Mwaka 2010 watafiti walipoifukua reboxetine, dawa ya sonona, walikuta data za asilimia 74 ya wagonjwa hazijawahi kuchapishwa, na zilipojumlishwa zote dawa haikuizidi plasebo, yaani dawa bandia. Waandikie watafiti kuomba data, wakikaa kimya waandikie tena. Na tena.

Mwisho mtapanga uhakika wa ushahidi kwa mfumo wa madaraja unaoitwa GRADE: mkubwa, wa kati, mdogo, mdogo sana. Sisi kwenye tokeo letu kuu tumeandika "mdogo", na mhakiki mmoja alitaka tulainishe maneno. Tulikataa. Mgonjwa anameza dawa kwa kuamini tulichoandika, kwa hiyo na wewe ukifika hapo ukabanwa, usilainishe.