Ubingwa wa upasuaji au wa watoto? Usiamue saa hizi

Mdogo wangu, kama uko mwaka wa 4 MD (digrii ya udaktari) na umekwama kati ya kubobea upasuaji na magonjwa ya watoto, mi nakwambia subiri kwanza, una intanshipu (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo) ya mwaka mzima mbele na humo utazunguka wodi zote kubwa, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi, hapo ndo utajua moyo wako unakubali nini saa nane usiku. Mshahara usiuangalie peke yake, MMed, yani masomo ya ubingwa, ni miaka 3 au zaidi na ada yake sio mchezo. Halafu fikiria fani ya usingizi na ganzi pia, yani mabingwa wake Tanzania wachache mno na bila mtu wa usingizi operesheni kubwa haifanyiki, tunawahitaji kweli