Uwanja ule uliachwa kwa ajili ya wageni

Marahaba, mwanangu.

Barua yako tumeisoma mara mbili: kwanza mimi peke yangu barazani, kisha mamako akanisomea tena kwa sauti kana kwamba macho yangu hayakutosha. Unasema majirani zako wa Harrogate, huko Uingereza, wamekuomba ugombee udiwani wa mji uchaguzi ujao, na unataka kujua kama ukubali au ukatae. Umeomba nijibu kwa kifupi. Nitajitahidi, ila baba yako unamjua.

Kabla ya hapo nikuulize mimi. Huo mji unadhani ni wa nani?

Subiri, usijibu. Wewe umekulia pale na umesoma pale, na mambo ya pale unayaona ya kawaida tu. Mimi niliujua mji ule kutoka kwenye kiti cha dereva, ninapita Stray, ule uwanja wa wazi wa mji, asubuhi na jioni, kiangazi na theluji. Kila abiria mgeni alikuwa na swali lilelile: mbona hapa katikati ya mji wa matajiri pana uwanja mkubwa namna hii, hauna jengo, hauna uzio, ni majani matupu na miti pembeni? Nami nilikuwa na jibu langu, ambalo wewe na kaka yako mlikuwa mnaliimba nyuma yangu mkicheka: mji utaujua kwa kile ulichokataa kuuza. Chekeni tu. Bado ninalishikilia.

Ukweli wa mji ule ni kwamba usingekuwepo kama si maji. Mwaka 1571 bwana mmoja, William Slingsby, aliyekuwa ametembea Ulaya na kuyaonja maji ya Spa kule Ubelgiji, alikuta chemchemi porini, akaonja, akasema haya ni yaleyale. Ndiyo Tewit Well, pale juu Stray, kwenye kile kibanda cha nguzo ulichokuwa ukijificha mvua ukitoka shule. Maji yale yana chuma. Ya kiberiti yako kule bondeni, na bustani ya Valley Gardens peke yake, katika kipande kidogo tu, kuna chemchemi 36. Bibi yako Mungu amrehemu alipokuja kututembelea tulimpeleka Pump Room, jumba la kunywea maji hayo ya kiberiti. Mlangoni tu akafunika pua kwa mtandio, kisha akaufunua akanusa tena, akaniambia, "Haya si ya Amboni haya?" Maana yeye alipokuwa msichana alipelekwa Galanos, zile chemchemi za moto za Amboni kwetu Tanga, kuoga kwa ajili ya ngozi, na harufu ile ya mayai viza hakuisahau. Alipoonja akakunja uso. Akasema ya kwetu angalau Mungu ameyapasha moto. Siku nzima ile alitembea Harrogate kifua mbele, kama mtu aliyekuta ndugu zake ugenini.

Nimeanza kupotea. Ninarudi.

Watu walikuja kunywa maji, wenyeji wakajenga nyumba za kuwalaza, na mji ukaota. Ardhi yote ile ilikuwa sehemu ya msitu wa Knaresborough, mali ya Duchy of Lancaster, yaani milki ya mfalme, na wanakijiji walikuwa wakichunga humo na kukata kuni. Mwaka 1770 Bunge likapitisha sheria ya kuigawa na kuizungushia ua. Maelfu ya ekari yakaenda kwa watu binafsi. Lakini Harrogate walikuwa wameona mbele: chemchemi zikizungushiwa ua, nani atakuja? Wakapiga kelele, wakasikilizwa. Hati ya mgawanyo ya 1778 ikasema ekari 200 zitabaki wazi milele, haziwekwi ua, na kwamba mtu yeyote yule awe huru kuziendea chemchemi wakati wowote na kunywa.

Mamako yuko hapa, ananikumbusha kwamba waliopiga kelele wengi walikuwa wenye nyumba za wageni, kwamba walilinda biashara yao, na kwamba yule maskini aliyekuwa akichunga ng'ombe mmoja msituni hakulipwa chochote cha maana. Ni kweli, na sina la kumjibu. Nimewahi kuwasifu watu wale kwa abiria mpaka nikawavika vilemba, kumbe walikuwa wakihesabu vitanda vyao. Lakini hata hivyo, mwanangu, ekari 200 zipo. Tamaa ya mwaka 1778 imeniachia mahali pa kumfundisha mtoto wangu kuendesha baiskeli bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa niwashukuru au nisiwashukuru? Kila nikikaa na jambo hili ninaamka na jibu jingine.

Na pale bondeni ni vivyo hivyo. Pump Room ilipojengwa mwaka 1842 juu ya kisima cha kiberiti, walianza kutoza pesa kwa anayeingia ndani kunywa kwa glasi safi na kukaa na waheshimiwa. Lakini sheria iliyowapa mamlaka hayo iliwabana: nje ya jengo liwepo bomba la bure kwa asiye na kitu. Wafadhili wa namna hii siwapendi, wanaokupa haki yako nyuma ya nyumba. Bado ninaona ni bora bomba la nje lililoandikwa kwenye sheria kuliko glasi ya ndani ya hisani ya mtu. Reli nayo, ilipoletwa hadi katikati ya mji mwaka 1862, ilibidi waipitishe kwenye mfereji waliouchimba ili treni isiuharibu uwanja. Fikiria nguvu ya karatasi ile. Kampuni ya reli ya wakati huo iliinamishwa na nyasi.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Unajua nakwenda wapi.

Ni ile Septemba ya 2019, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipoletwa Harrogate. Wiki nzima ya mvua. Waliweka mahema na malori na mashabiki juu ya Stray upande wa West Park, na walipoondoka pakabaki tope mtupu, majani hayaonekani. Kutengeneza kulichukua miezi. Mimi baiskeli nazipenda, na watoto wa mji walifurahi, sikatai. Ila nilikuwa nikipita pale na basi kila siku, na moyo uliniuma kama palikuwa pa babu yangu.

Mkutano ule wa wananchi tuliokwenda baadaye, wewe ulikaa kushoto kwangu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi ya zamu. Nikasimama, nikasema uwanja una sheria yake, na anayetaka kuutumia aweke dhamana ya kuurudisha kama alivyoukuta. Dakika mbili, hazikuzidi. Yule bwana mwenye koti la kijani aliyekuwa mbele akatabasamu, akasema kwa upole kabisa kwamba inatia moyo kuona hata wageni wanaupenda mji wetu. Watu wakapiga makofi. Walinipigia mimi makofi! Akaitwa mwingine aseme.

Wewe ulinivuta mkono wa koti ili nikae, ukidhani nitajibu. Nisingejibu. Sikuwa na neno. Nilikuwa nimelipa kodi ya halmashauri tangu wewe huna meno. Nilikuwa nimepiga kura chaguzi zote, maana Mtanzania aishiye kule kihalali huandikishwa kwenye daftari kwa kuwa nchi yake iko kwenye Jumuiya ya Madola, na kadi yangu ya kwanza ya mpiga kura mamako aliiweka kwenye albamu pamoja na picha za harusi. Tusi ningelijibu, mimi ni mtu wa Tanga. Ukarimu ule ndio ulionifunga mdomo.

Jibu lilinijia nikiwa kazini, nimesimama kwenye taa nyekundu, mji wote uko mbele yangu. Mgeni? Lakini uwanja ule uliachwa kwa ajili ya mgeni! Soma hati. Mtu yeyote yule. Waliuacha wazi ili anayetoka mbali, asiyejulikana, apite akanywe. Aliyeanzisha mji wote huu alijua thamani ya maji kwa sababu aliyaonja ugenini. Nyumba zile kubwa za mawe zilijengwa kwa pesa za wagonjwa wa kuja. Maji yalipokosa wateja wakaleta mikutano na maonyesho. Mwaka 1982 hata shindano la Eurovision lilifanyika pale, kwa hiyo wageni tena. Kama kuna mtu katika ukumbi ule aliyekuwa na haki ya kusema juu ya Stray kwa mujibu wa hati ya 1778, ni mgeni. Taa ikageuka kijani, wa nyuma wakapiga honi.

Nimelisema jibu hilo mara nyingi tangu siku hiyo: bafuni, sokoni Ngamiani, kwa shangazi yako ambaye hajui Harrogate iko wapi. Yule bwana hajalisikia. Na pengine hakuwa na ubaya, alitaka kunifurahisha. Mamako anasema hivyo. Anasema ningemwendea baada ya mkutano nikamwambia ninakoishi, tungekunywa chai. Labda. Lakini mbona aliyesema kabla yangu hakuambiwa anatia moyo?

Haya, swali lako. Sasa usije ukagombea kwa ajili ya koti la kijani. Hilo ni deni langu, halirithiwi. Halafu jua unachogombea. Harrogate ilikuwa na mamlaka yake tangu 1884, ikaunganishwa na wengine mwaka 1974, na mwaka 2023 halmashauri ile ikafutwa, mambo yote makubwa yakahamia halmashauri ya North Yorkshire kule Northallerton. Hili baraza la mji lililochaguliwa kwa mara ya kwanza Mei 2025 ni dogo. Stray yenyewe haimo mikononi mwake. Utakaa jioni za baridi ukijadili mabenchi na maua na ruzuku ya vikundi, na mtu atakupigia simu Jumapili kuhusu kinyesi cha mbwa. Mamako anauliza nani atakaa na watoto.

Kwa upande mwingine, diwani wa mabenchi ndiye anayejua benchi likiondolewa. Mji hauporwi wote kwa siku moja, huanza na kona, na kona lazima iwe na mtu wa kuiuliza kwa sauti, mwenye hati mkononi. Mji utaujua kwa kile... basi, nimenyamaza.

Kwamba ugombee au usigombee, sisemi. Ninalo jibu, na linaniwasha ulimi tangu barua yako ifike, lakini mamako ameniapisha nisiliandike kwa sababu anasema nikisema utafanya, au utafanya kinyume, na vyote viwili havitakuwa vyako. Nimekubali kwa shingo upande.

Ninakutajia tu, kwa kuwa nilikuwa nikisoma soma, kwamba kwa baraza la ngazi ile fomu inahitaji mpendekezaji mmoja na mwungaji mkono mmoja, wote wawe wameandikishwa kata hiyohiyo. Yule jirani yako mwenye paka wawili ana mwandiko mzuri. Na kura yangu usiihesabu, mimi niko Tanga na daftari lao halina jina langu tena.

Baba yako