Kujitolea Noto na kikundi cha kanisa

Dada, nimekuelewa: unasoma Nagoya, Japani, na kanisa lenu linakwenda kujitolea rasi ya Noto, iliyopigwa na tetemeko Januari 1, 2024 kisha mafuriko Septemba, nawe unahofia Kijapani chako ni kidogo. Nenda. Kuzoa tope hakuhitaji maneno mengi.

Ila msijiendee tu. Kiongozi wenu awasiliane kwanza na kituo cha kujitolea cha mji husika. Vituo hivi kwa kawaida huendeshwa na baraza la ustawi wa jamii, nalo ndilo hugawa kazi. Bima ya kujitolea ikate katika baraza la hapo unapoishi, kabla ya safari. Bei yake ni ndogo.

Vaa barakoa ya vumbi na buti zenye bati ndani ya soli, maana misumari hujificha topeni. Kuhusu chanjo ya pepopunda, muone daktari mapema. Chakula na maji beba vyako.

Usitupe kitu bila kumuuliza mwenye nyumba, hata picha iliyolowa na kugandana. Mzee akianza kusimulia, weka koleo chini umsikilize. Na mahubiri yaacheni kabisa: aliyepoteza nyumba asijione analipia msaada kwa kusali.