Umefunga siku 3 hujasikia kitu: jibu kwa dada wa Mbale

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Umepata nafasi ya kazi za ndani Saudia, wakala anataka ulipe kabla ya Ijumaa, umefunga na kuomba siku 3 hujasikia chochote kwa Mungu, na sasa unauliza kama ukimya huo uuchukue kuwa ndiyo. Wengi hapa wamekuambia nenda kwa imani. Mimi imani ya namna hiyo ilishanila magunia 100 ya mahindi, kwa hiyo nivumilie.

Nauza nafaka hapa Busia, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda. Mapema 2021 nikapigiwa simu: kuna mzigo Iganga, bei nzuri, ila mwenyewe anataka hela yote siku ileile. Sikuwa nayo yote, nikakopa, nikaenda. Sisi wa nafaka tusio na mashine tuna kipimo chetu. Unatia chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, unaongeza mahindi, unatikisa dakika chache, unaiacha itulie. Chumvi ikirudi chini, mahindi ni makavu. Ikigandia kioo, bado yana maji. Nilitikisa, ikagandia chupa nzima. Nikaisukuma kwa kidole, nikajiambia labda chumvi yenyewe ndiyo mbichi. Halafu nikainamisha kichwa palepale kati ya magunia: "Bwana, bariki mzigo huu." Nikalipa.

Njiani mke wangu akapiga simu. "Baba watoto, umeomba lakini?" Nikamwambia nimeomba. Wala sikudanganya.

Tarehe 5 Machi mwaka ule Kenya ikasimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Malori yakajaa mpakani. Baada ya siku chache wakafungua, lakini sasa kwa cheti, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wenzangu wenye mzigo mkavu walivuka. Wangu ulikuwa umeshaanza kunuka ghalani. Magunia 40 niliyachoma kwa mkono wangu, mengine yakaenda kwa bei ya kutupa, na mkopo niliumaliza 2023.

Mpaka ungefungwa tu, hata ningekesha mwezi mzima. Hilo simlaumu Mungu wala sidai angeninong'oneza. Kinachoniuma ni ile chupa. Jibu nilikuwa nimelishika mkononi, na sala nikaitumia kulifunika.

Kanisani kwetu kuna jaja (mzee wetu) mmoja, mlokole wa siku nyingi, hacheki ovyo. Nilipomsimulia akaniambia, "Mwanangu, wewe hukumwuliza Bwana. Ulimpelekea risiti." Kisha akanisomesha Yeremia 42 mbele yake, kwa sauti, kama mtoto wa shule.

Kaisome na wewe. Yerusalemu imeanguka, watu waliobaki wanamwendea Yeremia wanaapa: tuulizie kwa Mungu, liwe jema liwe baya tutatii. Jibu linachukua siku 10. Linakuja: kaeni hapahapa, msiende Misri. Wanamwita nabii mwongo, wanaondoka. Lakini rudi nyuma kidogo, mwisho wa sura ya 41: wakati wanauliza walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, safari ya Misri imeanza! Jaja alinisomesha mstari huo mara tatu. Mara ya tatu nikanyamaza.

Tangu siku hiyo naomba hivi. Kabla ya kuuliza, namalizia sentensi moja kwa sauti: "Bwana, ukisema hapana, nitafanya..." Nikishindwa kuimalizia najua bado sijauliza, nimekuja kugongewa muhuri. Jaribu usiku huu. Ukisema hapana, nitafanya nini? Nitaendelea na cherehani? Nitamwambia mama nini, maana ameshauza ng'ombe? Inawezekana ukimya unaousikia ni kwamba hiyo hapana haijapewa hata kigoda cha kukalia nyumbani kwako.

Watakuambia upande mlima wa maombi wa Seguku ukakeshe. Panda, mimi nimekesha kule na nilipata amani, ila swali utashuka nalo vilevile ulivyopanda nalo. Na nabii wa redioni anayetaka "mbegu", yaani sadaka, itumwe kwa simu kwanza, huyo muache kabisa.

Tena kuomba hakukuzuii kuchunguza. Nehemia alimlilia Mungu tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, karibu miezi 4. Mfalme alipomwuliza anataka nini, akaomba tena kimoyomoyo palepale, kisha akataja muda wa safari, barua za kupita kwa maliwali na miti ya malango. Mtu alikuwa amejiandaa. Kwako barua hizo ni mkataba ulioandikwa mshahara na jina la mwajiri, na leseni ya kampuni. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni zinazopeleka watu nje, na inatoa orodha yake. Kuna walioenda kwa njia hiyo wakarudi wamejenga, sikutishi. Hiyo Ijumaa nayo, ni nani aliyeipanga? Mimi pia niliambiwa "leo leo".

Halafu kuna kitu umekiandika chini kabisa kana kwamba ni kidogo: wakala hataki kukutajia jina la kampuni mpaka ulipe. Dada, hiyo ndiyo chumvi kwenye kioo. Usiisukume kwa kidole. Muombe jina leo, kabla hujafunga siku nyingine. Akikupa, liandike hapa, kesho asubuhi nikifungua duka nitakusaidia kulitafuta kwenye orodha.